Jibu la Profesa Lanyon

Jumatatu, 6 Novemba

Nimefika Cambridge. Mvua. Baiskeli mbili zimenirushia tope kabla sijavuka barabara ya stesheni. Chumba nilichopanga kwa Bi. Pluckrose kinanuka paka, na paka mwenyewe alikufa Machi. Si neno. Sikuja kustarehe.

Nimekuja kumpa Profesa Lanyon jibu. Miaka miwili iliyopita, kwenye usaili wa kuingia Chuo cha Mtakatifu Osyth, aliniuliza: ikiwa wafu hawasikii, tunaposema kaburini tunasema na nani? Nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza mpaka muda ukaisha. Sikuchukuliwa. Rosalind Tuke, tuliyesoma naye shule moja kule Grimsby, aliulizwa lile lile, akajibu papo hapo, akachukuliwa. Tangu siku hiyo nakata tiketi kwenye makumbusho ya uvuvi, na jibu nalipika kichwani. Sasa limeiva. Akilisikia tu atajua alikosea. Basi, sitaki zaidi.

(Uongo. Nataka alie.)

Bendera ya chuo iko nusu mlingoti. Jumamosi ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Hawa wameanza mapema. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nimekutana na Rosalind duka la mikate. Ameniita shoga yake mbele za watu. Kisha, kwa uso wa huzuni, akaanza kusema kuwa kuhusu Profesa Lanyon kuna jambo. Nikamkatiza. Nikamwambia sihitaji kushikwa mkono na mtu. Akabaki na mkate wake kifuani.

Jumanne, 7 Novemba

Mpango wa kwanza: joho la wanachuo. Mgeni husimamishwa getini, mwanafunzi hupita tu. Nimevaa joho jeusi la mtumba, nikapita kichwa juu kama mwenye nyumba.

Nilifika hatua chache tu! Bawabu, Bwana Gotobed, mwenye kofia nyeusi ngumu, akapaza sauti: "Bibie! Wewe mwenye joho!" Akanieleza kwa upole (upole ndio uliouma) kwamba mwanafunzi wa hapa huwezi kumvika joho asubuhi hata kwa fimbo. Wanaolivaa saa hizi ni watalii wa kupiga picha. Akauliza kama nataka anipige moja. Akaongeza kuwa wiki hii chuo kimefungwa kwa wageni kwa sababu ya... Sikungoja sababu.

Chakula cha usiku: maharage juu ya mkate. Bi. Pluckrose akauliza kama nguo nyeusi ni ya msiba wa pale chuoni. Nikasema mimi sina msiba. Akasema, "Samahani mwanangu, nilidhani," akaniongeza maharage.

Jumatano, 8 Novemba

Mpango wa pili: mto. Nyuma ya vyuo hakuna geti, kuna maji tu. Nimekodi mashua bapa, zile zisukumwazo kwa upondo, nikavaa joho tena kwa heshima ya tukio.

Nikasimama ncha isiyofaa. Vijana darajani wakacheka hadi wakashikana. Mmoja akapiga kelele: "Dada, hivyo husimama watu wa kule kwingine! Umepotea, rudi kwenu!" Kule kwingine ni Oxford, chuo kikuu hasimu. Hapa jina hilo halitamkwi.

Nikiwa natafuta jibu la kuwarudishia, upondo ukanasa topeni. Mashua ikaenda zake. Mimi nikabaki na upondo. Kisha nikabaki na maji.

Nikatambaa hadi kwenye nyasi za Mtakatifu Osyth. Nyasi hizo hukanyagwa na wahadhiri peke yao. Bwana Gotobed akaja mbio, akakwama ukingoni: hata yeye haruhusiwi! Tukatazamana, mimi natetemeka, yeye anasihi. Akanirushia blanketi. Halikufika. Likalala katikati yetu kama mzoga.

Nikaanza kulia, kwa baridi tu. Nikamuuliza, Profesa Lanyon nitampata wapi? Akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini kuwa atakuwa kanisani Ijumaa, saa nane mchana, na kwamba kila mtu anakaribishwa.

Hatimaye! Bawabu nimemshinda.

Alhamisi, 9 Novemba

Homa. Rosalind kaleta supu. Sikumfungulia. Akazungumza nyuma ya mlango kwa muda mrefu, nami nikapenga kamasi kwa nguvu kila alipoanza sentensi. Nimeambulia maneno matatu: "usiende peke yako."

Wivu! Anataka awepo Lanyon akilia.

Ijumaa, 10 Novemba

Kanisa limejaa. Mlangoni nimepewa karatasi, nikaitia mfukoni bila kuisoma. Macho yalikuwa yanamtafuta yeye. Kiti cha kuchongwa chenye jina lake kilikuwa kitupu, kimefunikwa kitambaa cheusi. Nikakaa cha jirani. Joto la kitambaa likanivutia, nikakivuta, nikajifunika magoti. Mama mmoja upande wa pili akafumba macho.

Kwaya ikaanza. Watu wote wakasimama. Nikajua anaingia. Nikasimama pia, jibu liko ncha ya ulimi.

Akaingia. Wamembeba watu sita.

Wakampitisha karibu nami kiasi kwamba ningeweza kugusa mbao. Miaka miwili ya jibu. Nikafungua kinywa. Nikanyamaza.

Jumamosi, 11 Novemba

Stesheni, na Rosalind. Safari hii nilimwacha aseme. Profesa alikufa wiki mbili zilizopita. Kila Jumatatu mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote, na chai, na biskuti kavu mbaya. Rosalind angenipeleka siku yoyote. Mzee alimuuliza mara nyingi habari za yule binti wa Grimsby. Alisema wengine wote, Rosalind akiwemo, walijibu haraka mno. Ni yule mmoja tu aliyelisikia swali. Alitumaini ningejaribu tena.

Nilitazama reli kwa muda mrefu. Rosalind hakunigusa. Namshukuru kwa hilo.

Kisha nikakumbuka Dk. Wragge, mwanafunzi wa zamani wa Profesa, anayefundisha kule kwingine. Jibu bado ni zima! Nimebadili tiketi. Na kusimama mashuani kama wao, tayari najua.

Rosalind akanishika mkono. "Hester, kabla hujapanda, huyo Dk. Wragge..."

Nikamkatiza.