Mdogo Wangu Ajulikane Kila Nyumba

Jumatatu, 10 Juni
Jana filamu yangu ilionyeshwa kwenye kibanda cha video cha Kashojwa, hapa kambini kwetu wakimbizi. Mdogo wangu Eugénie ndiye aliyeigiza mkamwana anayemwekea mama mkwe karuho, ile sumu ambayo sisi watu wa Kivu tunaiogopa kuliko bunduki. Yeye alitaka kuwa yatima anayeimba. Nikakataa! Yatima mwema husahaulika watu wakiwa bado njiani kurudi. Mwovu wanalala naye kichwani.

Ujanja ni wangu. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza kinywaji cha mgeni. Basi Eugénie anaonja, halafu anachovya ukucha wenye sumu. Watu walizomea mpaka bati likatikisika. Nililia kwa furaha.

Jumatano, 12 Juni
Jina limeenea! Jirani amemtisha mwanawe kwamba asipolala atamwita Eugénie. Mtoto kalala papo hapo. Nani mwingine kambini ana sifa hiyo?

Eugénie amerudi kutoka sokoni na unga wake wote wa muhogo, hakuna aliyenunua. Tena Natanaeli, kiongozi wa kwaya, amemkataza kuimba kwaya. Wivu! Natanaeli aliigiza Yosefu mara moja kanisani na bado anatembea kama Yosefu. Nilimwambia Eugénie umaarufu una gharama. Akaniuliza mbona gharama yote ni yake. Sikupenda sauti yake.

Jumamosi, 15 Juni
Siku mbaya. Dieudonné, mchumba wake, amekuja na wazazi wake kutoka kambi ya Oruchinga kupanga mahari. Eugénie anampenda sana kijana yule. Tangu asubuhi hakuweza kula.

Akamimina chai ya maziwa. Akaonja, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama hakupokea. Aliangalia kucha. Maskini Eugénie alikuwa amezikata mpaka damu. Mama akasema polepole, "Na mu ile filme ulionjaka kwanza."

Nikasimama kueleza kwamba ile ni sanaa, na ukucha niliubuni mimi. Hawakutulia. Nikanyakua kikombe, nikanywa chai yote mbele yao. Ikanipalia! Nikakohoa, macho yakanitoka, nikaanguka juu ya mkeka. Wageni wakatoka bila viatu. Dieudonné alikuwa wa mwisho. Hakugeuka nyuma.

Eugénie amelia mpaka sauti imekauka. Nami nina huzuni, sikatai. Lakini mama yule anakaa Oruchinga. Filamu imefika Oruchinga!

Jumanne, 25 Juni
Eugénie ameondoka. Hakuniaga. Wanasema yuko mjini Mbarara. Nyumba imepoa, na mimi sijui kusonga ugali. Nimekula mihogo mibichi.

Ijumaa, 28 Juni
Nimempata! Anapeleka chai mezani kwenye kihoteli kimoja hapa Mbarara, mtaa wa Ruharo. Wateja wanapokea, wanakunywa, wanamtania. Naye anacheka. Sikumbuki lini nilimwona akicheka hivyo.

Alinivuta pembeni, akanishika mkono, akaniomba nisitaje filamu kwa mtu yeyote. Hapa hakuna anayemjua, akasema, na ndiyo pumzi yake.

Roho imeniuma sana. Msanii mkubwa namna ile, na mji mzima haumjui! Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa kihoteli, kuna kibanda cha video. Nimeongea na mwenyewe, ameipokea filamu. Wanaionyesha kesho jioni. Eugénie sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.