Springi Iliyotangulia Ukweni

Jumapili, 3 Agosti

Hlengiwe, mchumba wangu, kapiga simu kutoka kwao Msinga. Habari njema: baba yake, Mzee Mchunu, amekubali kuwapokea tena washenga wetu. Jumamosi ya tarehe 16, asubuhi na mapema. Habari mbaya: hakutakuwa na mara ya tatu. Washenga wasipofika safari hii, posa imekufa.

Ile ya Julai haikuwa kosa langu. Baba Mdogo Mandlakayise, ambaye ndiye msemaji wetu kwa kuwa baba alishafariki, alishuka kwenye daraja la Thukela ameshika kiuno. Akasema afadhali arudi Umlazi kwa miguu kuliko kukaa tena kwenye gari langu. Ukweni walikuwa wameshachinja mbuzi. Wakamla wenyewe.

Nimelitafakari. Baba Mdogo hana ubaya. Gari halina ubaya. Ubaya uko katikati yao: springi na shokapu zimechoka, na kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa mzee.

Hlengiwe anaomba jambo moja tu, twende na pikapu ya Velaphi. Velaphi Ngubane! Jirani yangu, mtu anayesugua magurudumu yake kwa mswaki. Eti ameshajitolea, tena mbele ya mama, kwa ile sauti yake ya upole inayonichefua. Nimekataa. Gari hili la bluu alilinunua baba mwaka niliozaliwa. Baba hatakuwepo kunisemea. Basi gari lake na lisimame mbele ya lango la Mchunu. Nalitaka hilo kuliko ninavyoweza kumweleza mtu.

Nitalitengeneza mwenyewe, hapa uani. Kazini, duka la samani, nafunga makabati bila kusoma karatasi ya maelekezo. Skrubu zikibaki ni ishara ya ufundi.

Jumanne, 5 Agosti

Duka la vipuri. Muuzaji kanitajia bei ya springi na shokapu mpya. Nikamwambia sinunui gari, nanunua vya chini yake tu. Hakucheka.

Basi nikaenda skrepu, kwenye vyuma chakavu kule Isipingo. Hazina! Springi za gari lililokuwa likisambaza mikate, nene kuliko kidole gumba cha Baba Mdogo. Kilichobeba mikate ya mji mzima kitashindwa na mzee mmoja?

Nimezifunga nyuma jioni hii. Zilikataa kuingia, nyundo ikazishawishi. Bolti mbili zimebaki. Dalili nzuri.

Jaribio: nimeweka chungu cha mama cha maziwa mgando kwenye kiti cha nyuma, kwa niaba ya Baba Mdogo. Uzito ni tofauti lakini tabia ni ile ile, wakitikiswa wote wawili huchacha. Nikaendesha hadi tuta la kwanza la mtaa. Maziwa yako kwenye dari. Springi ni ngumu kama chuma cha reli, na nyuma ya gari imenyanyuka. Mama anasema linaonekana kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kisha akaulizia chungu chake.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya Wanawake ya kwetu, sikukuu ya taifa. Mama kaenda kanisani na wenzake wa umoja wa akina mama, wote na sare zao. Ua umebaki mikononi mwa wanaume. Ukiweka gari juu ya jeki Umlazi, hualiki mtu. Walikuja na viti vyao, na nyama, na bia, na kila mmoja na digrii yake ya ufundi wa magari.

Baraza likaamua kwa kauli moja: springi ni ndefu, zikatwe. Grainda, mashine ya kukatia chuma, nimeazima kwa Velaphi. Kaileta mwenyewe ili apate nafasi ya kunifundisha. Kasema springi ikikatwa fupi mno, siku gurudumu likining'inia shimoni, itachomoka mahali pake. Kasema ana shokapu na springi zake za zamani, bado nzima, nizichukue bure, tena atanisaidia kufunga. Nikamwambia ageuze nyama, inaungua.

Nikakata kushoto. Kulia kukawa juu. Nikakata kulia. Sasa kushoto kukawa juu kidogo. Nikakata kushoto. Baraza likashauri kulia nako kusawazishwe. Tuliacha nyama ilipokwisha.

Gari limekaa kama kuku juu ya mayai. Nimepita juu ya kopo la bia na kopo limebaki chini yangu mpaka nyumbani. Ila lazima niseme linapendeza.

Jumanne, 12 Agosti

Nimegundua dawa! Mipira ya tenisi. Mmoja wa baraza la Jumamosi alisema binamu yake aliipachika kati ya mizunguko ya springi na gari likawa godoro. Laini na bure.

Bure, maana mbwa wa Velaphi, aitwaye Inspekta, ana akiba ya mipira chini ya uzio. Huiokota viwanja vya watu wenye nafasi. Nimeikopa. Mbwa hana posa wiki hii.

Jaribio la pili, chungu kipya. Nimezunguka mtaa mzima, matuta yote. Maziwa hayakumwagika hata tone. Nilitaka kulia. Laiti baba angekaa humo dakika moja tu.

Velaphi alichungulia chini ya gari, akatikisa kichwa, akasema mipira haitafika Msinga na watu wazima ndani. Wivu huo. Inspekta tangu jioni amekaa kando ya gurudumu la nyuma, analitazama bila kupepesa.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba Mdogo kawasili na koti lake refu la kijivu. Kajaribu kiti, kainuka, kakaa tena. Kasema, "Mwanangu, leo hapa hata mjamzito angelala." Nimejiona nimeongezeka kimo.

Kisha kaniharibia siku. Mshenga wa pili atakuwa Velaphi. Nikauliza kwa nini. Kasema huko kunatakiwa mtu mwenye maneno matamu na asiyekasirika, na katika mtaa huu mzima amemwona mmoja tu. Mama akaitikia papo hapo.

Nitaendesha mimi, hakuna mwingine anayeijua tabia ya gari hili. Bila shaka mwoaji hapaswi kuonekana ukweni siku ya mahari, hilo kila mtoto analijua. Nitawashusha mbali, nijifiche nyuma ya kilima. Velaphi kauliza kama nimeona zile bolti zilizobaki zinatoka wapi. Nimemwambia zinatoka kwa watu wasiojiamini.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimelala chini ya koti la Baba Mdogo, kiti cha mbele, ndani ya ua wa Mzee Mchunu. Ndani! Sipaswi hata kuwa kwenye kilima chake.

Ilikuwaje. Safari laini mno. Baba Mdogo alisinzia hadi Greytown, akaamka, akanisifu, akasinzia tena. Barabara ya vumbi ilipoanza nikasikia pu! Kisha pu! Velaphi akanitazama kupitia kioo. Nikaongeza sauti ya redio.

Nyumba ya Mchunu iko mwisho wa mteremko. Washenga hawaingii. Husimama nje ya lango, huita majina ya sifa ya ukoo, na hungoja waitikiwe, hata jua liwachome. Kuingia kabla ya kuitikiwa ni sawa na kumpiga mwenye nyumba kibao. Nilipanga kusimama juu kabisa. Lakini kwa kuwa gari lilikuwa likienda vizuri hivyo, nikaona nimsogeze Baba Mdogo kidogo, asichoke miguu. Naye akaona dirishani panamtosha kuanzia. Akatoa kichwa na mkono, akaita, "Macingwane! Phakade!"

Kabla ya lango kuna mfereji. Gurudumu la nyuma likaning'inia humo. Nikasikia chuma kinaaga.

Springi ilitangulia. Iliruka mfereji, ikapita langoni ikidunda kwa madaha, ikakata katikati ya kuku, ikaenda kulala miguuni pa Mzee Mchunu aliyekuwa anakunywa chai. Mipira iliyosalia ikafuata. Kisha sisi, ubavu umelala, tukiburuza chuma, Baba Mdogo bado nusu nje ya dirisha akiita majina ya ukoo tunaoupita. Tulisimama kwenye boma la ng'ombe.

Nikajitupa chini ya koti.

Nilimsikia Mzee Mchunu akiuliza taratibu gari hili ni la nani. Baba Mdogo akajibu kwamba ni la marehemu kaka yake, baba wa kijana. Moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko ile springi. Nikawaza: basi, nimempoteza Hlengiwe kwa ajili ya mipira ya mbwa.

Mzee Mchunu akasema, "Basi marehemu alikuwa na haraka na mkwe wake. Kaingia bila kubisha. Hapo ni mbuzi mmoja."

Faini! Mtu hatozwi faini akiwa anafukuzwa. Nilikaribia kumbusu usukani.

Baadaye. Wametoa viti nje na mazungumzo yanafanyika hatua chache kutoka dirishani. Sijui kama ni kwa bahati. Mzee Mchunu anasema kwa sauti kubwa sana kwamba binti yake ni msomi, anasikia mwoaji ni mtu asiyeambilika, na kama mwoaji angekuwepo, ambaye bila shaka hayupo, angemwambia hivyo usoni. Velaphi kajibu kwamba mwoaji hayupo kabisa, na kwamba hapo alipo anajuta. Wamecheka wote. Hata kaka zake Hlengiwe.

Watoto wameokota mipira yote. Mmoja kainua pembe ya koti, tukatazamana. Kasema, "Babu, kuna mtu humu." Mzee kamjibu kwamba hakuna mtu, hilo ni koti. Mtoto kasema koti lina macho. Kaitwa akachunge mbuzi.

Baadaye tena. Hlengiwe kapita kuelekea jikoni, kajifunika kichwa kwa heshima, hakunitazama. Kaingiza sahani dirishani: nyama na ugali mkavu wa punjepunje. Kanong'ona, "Nilikuomba jambo moja tu, Mfanafuthi." Lakini kipande kilikuwa cha paja, tena kikubwa. Mtu aliyekukataa hakupi paja.

Kuku mmoja kaingia kiti cha nyuma. Anaonekana kuridhika na ulaini.

Jumapili, 17 Agosti

Wamekubali! Hlengiwe ni wangu, tumepatana mahari. Mbuzi mmoja wa gari, mbuzi wa pili wa koti lenye macho.

Ila gari limebaki Msinga. Halikuweza kusogea, na Velaphi, kwa ile sauti yake, alipendekeza libaki na lihesabiwe kama ng'ombe mmoja wa mahari. Mzee Mchunu akalizunguka, akagonga tairi, akauliza kama linakamuliwa. Kisha akakubali.

Ng'ombe mmoja! Gari la baba, lenye redio! Ningepigania mwenyewe ningepata wawili. Baba Mdogo kanijibu kwamba Velaphi ndiye aliyenipa mke, nami nimshukuru. Kwenye basi la kurudi kasema pia kwamba gari liliporuka ule mfereji kiuno kililia ka!, na tangu hapo hakijamuuma.

Mchana huu nilihuzunika kidogo. Nikampigia Hlengiwe. Kaniambia baba yake asubuhi hii kabeba kiti, kakaa kando ya gari na chai yake, na kawakataza watoto kulipanda. Kasema, "Lipo kwa mtu anayeliheshimu. Baba yako amefika, Mfanafuthi. Sasa acha kugusa magari." Nimeahidi. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 24 Agosti

Jumamosi ijayo tunapeleka wale mbuzi. Velaphi kaniazima pikapu yake, kaniachia na funguo, hata hakuuliza. Yuko kanisani sasa hivi na mama. Lazima nikiri kwamba ni mtu mwema kuliko nilivyomchukulia. Nimeguswa. Nataka kumlipa kwa jambo ambalo hatalisahau.

Nimeizungusha pikapu mtaani na chungu cha mama. Matone mawili. Mawili! Mtu mwema hivi anaendesha kitu kinachomwaga matone mawili, na hakuna rafiki wa kumwambia. Nyuma iko juu kidogo, basi. Dawa naijua. Ahadi yangu kwa Hlengiwe ilihusu magari, na hii ni pikapu.

Grainda bado iko kwangu. Nimeshakata kushoto. Sasa kulia kunaonekana kuko juu kidogo.