Vichaka Kumi na Kimoja vya Babu

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza shajara, na naapa kuandika kila kitu, hata yale yatakayoniaibisha. Mwalimu wa lugha anasema shajara isiyo na ukweli ni kuharibu karatasi. Haya basi, ukweli.

Babu alifariki tarehe 15 Machi mwaka jana. Amezikwa juu ya kilima nyuma ya nyumba, kama alivyotaka. Alikuwa mfyekaji wa njia za msituni, na hii ya kwetu aliifyeka kila Jumamosi kwa panga. Tangu aondoke, imeachwa. Mjomba huahidi, ila mgongo wake haukubali. Mwezi uliopita Bibi alijaribu kupanda peke yake. Nyasi zikamfika kifuani. Alirudi, akakaa jikoni mpaka jioni bila kuvua viatu.

Anataka kufika kwa Babu siku mwaka utakapotimia. Hakumwambia mtu. Aliiambia sufuria. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Zimebaki siku kumi na mbili. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wenyewe: mashine ya kufyeka, ile inayokokotwa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne. Nimechukua katalogi kwenye maduka matatu ya zana. Hatuwezi kununua hata gurudumu lake. Lakini kila katalogi, ukurasa wa mwisho, inaahidi majaribio ya bure kwa mteja. Maduka matatu, njia moja! Kila duka likijaribu mashine yake kwenye theluthi moja, tutafika juu bila kununua chochote. Nilishindwa kula kwa furaha.

Mjomba alinikuta nasoma. Akauliza nimeanza lini kufuga matrekta. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani, tukabishana saa nzima. Yeye anapenda ile ndogo ya nyasi: ikikutana na shina gumu hulikwepa na kupita. Mimi nataka ile nyekundu. Injini yake yenyewe, visu viwili vinene, hukata shina la unene wa kifundo cha mkono. Akasema hiyo ni ya watu wenye ugomvi na msitu. Nikamwambia hajapanda huko mwaka mzima, atajuaje. Akavua miwani. Nilijuta. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepima njia kwa kamba ya kuanikia nguo. Upana: watu wawili sambamba, kwa raha. (Bibi aliitafuta kamba yake. Nikasema sijaiona. Huo ni uongo. Naandika kama nilivyoapa.)

Chini ya nyasi nimegundua jambo la huzuni. Kuna vichaka kumi na kimoja ambavyo Babu hakuving'oa. Vyote upande wa kushoto, vyote mahali penye mwinuko mkali. Mashina yamepunguzwa mpaka usawa wa kiuno changu, na kwa juu gome limelainika kama mpini wa jembe. Pengine mbuzi hujikuna hapo. Maskini Babu! Nadhani mwishoni nguvu zilimwishia, akaona haya kutuambia. Nililia kidogo kwenye kichaka cha saba.

Kisha nikapata faraja. Kumbe ni kweli, tunahitaji ile nyekundu. Mjomba kwisha habari yake. Nami nitammalizia Babu kazi.

Jumapili, 9 Machi

Barua tatu, mwandiko wa kiofisi. Nimesaini: Katibu, Kamati ya Njia ya Kilimani. Wajumbe ni mimi. Kwenye fomu kuna swali kuhusu vikwazo. Nimejaza: vichaka kumi na kimoja, sugu, viondolewe vyote. Nimepiga mstari chini ya "vyote".

Bibi aliuliza ninaandika nini. Nikasema kazi ya shule. Nataka ashangae.

Alhamisi, 13 Machi

Duka la kwanza kimya. La pili wametuma kalenda. La tatu, lenye ile nyekundu, wanakuja kesho saa nane! Na kesho Mjomba anampeleka Bibi kliniki ya magoti. Mambo yamejipanga yenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja muuzaji mwembamba, amevaa tai na buti. Akamuulizia Mwenyekiti. Nikamwambia Mwenyekiti yuko juu, amepumzika. Si uongo. Akaulizia wajumbe wengine. Nikasema wana udhuru. Aliitazama sare yangu ya shule, akashusha pumzi, akasema mafuta yameshawekwa, basi twende.

Jamani, mashine ile! Nyasi zililala pande zote mbili. Kwenye kila kichaka nilitangulia nikaonyesha kidole. Cha nne kilikaidi, visu vikalia, moshi ukatoka, kisha kikakatika. Niliomba theluthi tu. Alienda mpaka juu.

Juu akaliona kaburi. Akasoma jina, akazima injini, akavua kofia. Tulisimama hapo mpaka injini ikapoa. Akasema Mwenyekiti wangu alijua kuchagua njia. Akateremka bila hata kutoa kitabu cha oda.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimfumba Bibi macho kwa viganja vyangu, nikamwongoza mpaka mwanzo wa njia. Nikaondoa mikono.

Aliitazama njia. Akatazama upande wa kushoto. Akatazama tena. Akauliza viko wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeviondoa vyote, kwa sababu Babu alichoka akaviacha.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alinieleza polepole, kama mtu anayefundisha kushona. Babu hakuviacha kwa uchovu. Aliviacha ili Bibi avishike akipanda. Kila mwinuko na kichaka chake, na kila mwaka alivipunguza kidogo, kwa kadiri Bibi alivyozidi kuinama.

Nikauliza, na mkono wa kulia je?

"Wa kulia nilimshika yeye," alisema Bibi. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto. "Sasa huu utashika nini, mjukuu wangu?"

Tulijaribu. Mimi kulia, Mjomba kushoto. Mgongo wa Mjomba ulikataa kwenye kisiki cha pili. Magoti ya Bibi, kwenye cha tatu. Bibi akakaa chini, akaweka kiganja juu ya kisiki kibichi, akazungumza na Babu kutoka hapo. Sauti ilikuwa ndogo. Sikutega sikio, kwa mara ya kwanza mwezi huu. Alipomaliza akasema Babu amesikia, turudi.

Mjomba hakusema neno lolote kuhusu ile mashine ndogo. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumapili, 16 Machi

Sikulala vizuri, lakini nimeliona kosa langu. Nilichagua mashine isiyofaa. Nilichagua ya kukata, kumbe tulihitaji ya kubeba!

Mjomba yuko kwenye njia ya Babu na sururu tangu asubuhi. Amechimbia nguzo ya mbao pale kwenye kisiki cha kwanza. Bibi amesimama hapo anampimia urefu kwa mkono wa kushoto, anasema shusha kidogo, shusha kidogo. Wameniita mara mbili nikashike futi. Nawahurumia. Nguzo moja kwa siku, wataona lini mwisho wake? Nimewaambia nina kazi ya shule. Nataka Bibi ashangae.

Barua yenyewe hii hapa:

Kwa Muuzaji wa mashine nyekundu. Kamati inakushukuru kwa kazi ya Ijumaa, na kwa kuvua kofia. Kamati ina swali moja tu, na inaomba jibu kwa posta ya kwanza. Pale nyuma ya pikipiki, mnapofunga mashine, je, panaweza kufungwa kiti chenye mkono upande wa kushoto, kwa abiria mmoja wa kilo arobaini na sita, ambaye bado hajaambiwa kwamba atasafiri?