Kitufe cha Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Machi
Kazi imepatikana! Daktari wa meno wa ghorofa ya chini anataka tovuti ya wagonjwa kuweka miadi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye tunafanya naye kazi meza moja, akaniletea ruwaza zake. Eti ni namna zilizokwishajaribiwa za kujenga menyu na vitufe, zinafuata viwango, nichukue tu. Nikamwambia ruwaza ni za fundi cherehani. Mimi ni msanii!

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza. Hakuna vitufe. Kuna mdomo mkubwa unaocheka. Ukigusa gego la kushoto, unapata miadi. Uzuri wake! Shemeji akauliza mgonjwa atajuaje. Nikamjibu kwamba mwenye jino bovu hawazi kitu kingine ila meno. Akarudi kwenye ruwaza zake. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Tovuti iko hewani tangu jana. Daktari kanipigia: chumba cha kusubiri kitupu, mhudumu wake anafuma sweta. Nikamwambia ashukuru, mji mzima una meno mazuri. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Shangazi aliyenilea haoni; simu yake humsomea kila kitu kwa sauti. Leo shavu limemvimba kama puto. Kahangaika kuweka miadi asubuhi nzima, na simu inarudia neno moja tu: picha, picha, picha. Akaniuliza, "Mwanangu, mjinga gani kaijenga hii?" Nikakohoa.
Shemeji akaja, akaweka kitufe cha kawaida kabisa. Simu ikatamka: "Weka miadi. Kitufe." Shangazi akagusa, akapata. Akamwombea Shemeji dua ndefu, yenye watoto na wajukuu ndani. Mimi nikatumwa maji ya chumvi.

Jumatatu, 10 Machi
Jino la Shangazi limeng'olewa. Chumba cha kusubiri kimejaa. Daktari kamkabidhi Shemeji tovuti yote. Mke wangu naye, mdomo hauna breki, kamwambia Shangazi mjinga ni nani. Shangazi kasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ila kwangu mimi hata ulimwengu umenyoosha mikono.
Maneno hayo, na shavu bado limevimba!

Jumanne, 11 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: picha! Watu wanataka maandishi. Na mwenye duka la miwani kakubali leo hii nimjengee tovuti. Herufi zitakuwa ndogo kama mayai ya chawa, kijivu juu ya kijivu. Asiyeweza kuzisoma ndiye hasa mteja wetu! Shemeji akafungua mdomo aseme kitu. Nimehamishia kiti changu dirishani.