Sponji Ndani ya Ngoma ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Tunarekodi demo Alhamisi! Bendi yetu ya roki ni watu watatu: mimi na gitaa, shemeji, kaka wa mke wangu, na ngoma, na binti wa shangazi anayeimba na kutuamuru. Leo ametangaza kwamba akishasikiliza demo ataamua kama bendi inahitaji gitaa. Bendi ya roki! Makubwa haya. Eti ngoma za shemeji zinatosha.

Jumanne, 4 Juni
Fundi mitambo atakayeturekodi ametaka kujua tumejifunzia muziki kwa nani, aandike kwenye jalada. Nimemtajia bendi za ng'ambo mpaka pumzi ikaniishia. Shemeji, ambaye kazi yake ni kunyoosha mabodi ya magari, akajikuna kichwa. Akasema labda marehemu baba yake, aliyekuwa akigonga bati huku akiimba. Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 5 Juni
Hila imenijia bafuni. Tunarekodia kwenye stoo ya fundi makochi, na humo sponji ni tele. Nitaijaza ngoma kubwa ya shemeji, ife kabisa, gitaa litambe. Mke wangu ameuliza kwa nini natabasamu. Nimesema mapenzi. Hakuamini.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika wa kwanza. Nimeshindilia sponji mpaka jasho likanitoka. Nikamwambia shemeji ni ya kuzuia mwangwi. Akanishukuru, maskini, akaketi, akapiga.
Mungu wangu.
Makelele yalikufa, ngoma haikufa. Ilitoka sauti nzito, safi, ikanipanda kutoka nyayoni hadi kifuani. Ilikuwa nyundo ya baba mkwe! Nilimjua mzee yule, nilimsikia waziwazi. Binti wa shangazi aliimba machozi yakimtiririka. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, na sioni haya kusema nililia.
Wimbo ulipokwisha ndipo nikagundua sikugusa gitaa hata mara moja. Nikaomba turudie. Fundi mitambo akakataa katakata, akasema huo ndio wimbo.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi mitambo ameuliza nani alitia sponji. Nikinyamaza, sifa zinapotea. Nikanyoosha mkono. Binti wa shangazi akanikazia macho.
"Ulitaka kumzima," akasema.
Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe baba yake alikuwa akitandika matambara chini ya bati, majirani wasilalamike. Akasema tangu mzee afariki alikuwa akiitafuta sauti ile asiipate.
"Basi utabaki," binti wa shangazi akaniambia. "Wa kushindilia sponji."
Habari ya gitaa hakuna aliyeigusa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepiga demo nyumbani. Mke wangu aliacha vyombo kwenye karai, akasimama mlangoni na mikono yenye povu.
"Huyo ni baba," akasema.
Tukasikiliza hadi mwisho.

Jumapili, 9 Juni
Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Labda, kama hajui kuchimba. Nimetafakari na kosa langu nimeliona: nilimfunika mtu siye. Anayelimeza gitaa ni binti wa shangazi na ile sauti yake. Fundi makochi ameniahidi godoro la sita kwa sita.