Namba Zilizofanana Mno

Jumatatu, 10 Machi 1997. Lodwar.
Daktari Wanjugu ametangaza mbele ya watu: kesho Kakuma, kushindanisha mashine mbili. Yangu ya mwanga, niliyoifuta vumbi miaka sita. Na ile mpya ya mawimbi ya sauti, ya mwenzangu Nyandeng! Kila mgonjwa atapimwa kwa zote mbili kina cha mbele ya jicho, kuanzia kioo cha nje hadi lenzi ya ndani. Kila mmoja wetu aandike peke yake, bila kuchungulia. Mashine yangu ikishindwa, inakwenda stoo. Nahisi na mimi pia.

Jumanne, 11 Machi. Kakuma.
Nyandeng anatia tone la ganzi, anagusa jicho kwa kijiti chake, anasoma namba. Dakika mbili! Mimi nabembeleza mgonjwa aweke kidevu, asipepese. Anapepesa. Kufikia saa sita yeye kamaliza ishirini na watatu, mimi watano. Alipokwenda kunywa chai aliacha daftari wazi. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikanakili namba za wale kumi na wanane waliobaki, nikawaambia waende zao.

Jumatano, 12 Machi.
Asubuhi daktari alisema mashine zimekubaliana ajabu. Nilijifanya mnyenyekevu. Kisha akamwita Mama Akon atiwe dawa ya kupanua mboni. Mama akakataa kulala. Akaninyooshea kidole: "Huyu wa taa hajapima mimi. Mimi nangoja, yeye naandika tu."

Daktari mwenyewe akamketisha kwenye mashine yangu. Kina, milimita 1.9. Daftarini, 3.2, kwa mwandiko wangu! Nyandeng alikuwa amechanganya mistari, namba ya kijana Yien ikakaa kwa Akon. Jicho lenye kina kidogo vile, dawa ile ingepandisha presha ndani yake na kumpofusha mama wa watu. Na chupa daktari alikuwa ameshaifungua.

Nyandeng alikiri kosa lake papo hapo. Mimi nilitazama viatu. Daktari akasema alipaswa kushtuka mapema: kijiti kinabonyeza jicho kidogo, kwa hiyo namba za sauti huwa pungufu kuliko za mwanga. Zangu kumi na nane zilifanana na za Nyandeng mpaka nukta! Aliyasema haya kwa upole. Afadhali angenizaba kofi.

Alhamisi, 13 Machi.
Nimewapima wote upya. Nimemwomba radhi Mama Akon. Akaniuliza kama nimekula, akanipa uji. Niliunywa nikiwa nimeinamisha kichwa. Sijapata kuona aibu kama hii tangu nizaliwe.

Ijumaa, 14 Machi. Lodwar.
Mashine yangu haiendi stoo, kwa sababu ndiyo iliyookoa jicho la mama. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Mwezi ujao ni zamu ya Lokichoggio, mimi na Nyandeng tena, na wagonjwa hamsini. Nimeapa kubadilika. Safari hii, nikichelewa, kila namba ya Nyandeng nitakayoinakili nitaiongeza kidogo.