Kanzu Isiyopindwa

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tisa
Mzee Geng, baba mdogo wa Malkia, amefariki. Nimesikitika mpaka saa nne, kisha nikaanza kufikiri. Wapwa wake wote wana vyeo. Mmoja anasimamia farasi wa Kaisari, naye farasi anawaogopa. Mimi nimefaulu mitihani yote na bado nanakili hati za kodi ya chumvi. Lakini mama yangu alizaliwa katika ukoo wa Geng. Wa wilaya nyingine kabisa, sawa, ila Geng ni Geng. Nitakwenda msibani kama ndugu. Peng, karani mwenzangu, akaniuliza kama nimerogwa. Wivu tu.

Jumanne, tarehe 5
Undugu ukiwa wa karibu, katani ya kanzu ya msiba huwa mbaya zaidi. Kanzu za binamu zilikwisha. Nikachukua iliyobaki, ya kukwaruza, isiyopindwa pindo. Hiyo ni ya mtoto wa marehemu wa kumzaa, najua. Nani atatazama pindo? Nikalia sana. Mjane akaninong'oneza, "Punguza, mwanangu. Wenzako wanashindwa kusikia sala." Kaniita mwanangu. Cheo kinanukia.

Alhamisi, tarehe 7
Malkia amevuliwa taji. Wanasema alifanya uchawi. Askari wamezingira nyumba, nasi tungali matangani. Ukoo wote unapelekwa kusini kwenye homa. Wana wa marehemu, kukatwa vichwa. Askari hawaulizi majina. Wanatazama mapindo.

Ijumaa, tarehe 8
Ofisa alinishika ukosi. Nikasema mimi si mtoto wa marehemu. Akasema leo marehemu hana mtoto hata mmoja, ajabu. Wanawe wawili walikuwa wamekwisha kupigishwa magoti uani. Mjane akanitazama kitambo. "Huyo? Kaja kula tu. Hata kulia hajui. Mtoe hapa." Nikatolewa. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sikumshukuru. Lakini hata kulia sijui? Neno hilo limeniuma.

Jumatano, tarehe 13
Msafara wa kusini umepita mtaani kwetu. Mjane alikuwa miguu mitupu. Nilifunga dirisha, vumbi lilikuwa jingi.

Jumatatu, tarehe 18
Malkia mpya ni wa ukoo wa Bao. Peng anasema babu yake Malkia anakohoa vibaya, mwezi haumalizi. Nyanya yangu aliwahi kuishi jirani na akina Bao. Nimeifua ile kanzu ya katani na kuianika.

Safari hii nimepinda pindo.